Jina Kwenye Pembe ya Ramani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa wembe. Wenzangu niliosoma nao misheni ya Moba waliingia mabiro mengine, ofisi za serikali, mjini Kalemie, wakapewa kalamu, mihuri, na mmoja wao funguo za stoo. Mimi nilifika biro ya ramani na cheti changu cha kuchora ndani ya bahasha, shati limepigwa pasi na dada yangu, nikiwa na hakika kwamba kabla ya saa sita nitakuwa nimeinama juu ya karatasi nyeupe. Shefu wa biro, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, hakuifungua bahasha. Alinishika vidole akavitazama.

"Kwenu wapi?"

"Kirungu, Shefu. Kule mulimani, juu ya Moba."

"Muzuri. Wantu wa baridi, mikono yao haitoki jasho. Kalke haipendi jasho. Twaa hii."

Ilikuwa nusu ya wembe wa kunyolea, imechomekwa kwenye kijiti na kufungwa uzi. Nikamwuliza kalamu yangu iko wapi. Akaniambia kalamu itakuja ikipenda.

Niwaeleze ninyi mnaochora kwa kompyuta. Ramani mama ilichorwa kwa wino wa China juu ya kalke, karatasi ngumu inayopitisha mwanga, na haikutoka biro ila kwa amri. Watu walipewa kopi tu, tulizozipiga kwa mashine ya amoniaka ambayo harufu yake ilitutoa machozi kila wiki. Kwa hiyo kitu kikibadilika nchini, hatukuchora upya. Tulilikwangua neno la zamani, wembe umelala, taratibu, tukapasugua mahali pale kwa jiwe laini la ziwani mpaka pang'ae, ndipo neno jipya likaandikwa juu yake. Ukisugua kivivu, karatasi huunywa wino na herufi huvimba.

"Kalke inavumilia kukwanguliwa mara mbili," Shefu aliniambia asubuhi ile. "Mara ya tatu inatoboka. Ona hii."

Akavuta droo pana, akanionyesha ramani ambayo juu, mahali pa kichwa, palikuwa na tundu refu lililobandikwa karatasi kwa nyuma. Hapo, alisema, palikuwa jina la jimbo.

"Mie mwenyewe niliandika Katanga. Uhuru ukakuja, wakagawanya, nikakwangua, nikaandika Nord-Katanga. Mji huu njo ulikuwa makao makuu, unasikia? Gavana alikuwa analala hapa, anakula mikebuka, samaki ya hapa. Kisha wakarudisha yote pamoja, nikakwangua, nikaandika Katanga tena. Sasa wanasema Shaba. Basi, njo hiyo tundu."

Shefu, kama sisi sote, alisema njo badala ya ndiyo. Mwaka ule ndio Katanga ilipoitwa Shaba, na kazi yangu ikawa kuifuta Katanga popote ilipoandikwa: vichwani mwa ramani, kwenye mipaka, kwenye maelezo madogo ya pembeni. Mimi nilifuta, Shefu akaandika. Jioni nilirudi nyumbani na unga mweusi wa wino kwenye kucha, na mama mwenye nyumba akawa ananiuliza kama nauza makaa.

Wivu nilijifunza kwa Shefu kabla sijajifunza kusugua. Jimbo la kaskazini lilipokuwapo, Kalemie ilikuwa na wizara zake, na mtu wa Nyunzu au Manono akitaka karatasi alikuja kwetu. Lilipofutwa tukarudi kuwa wilaya tu, na kila kitu chenye uzito kikawa kinakwenda kutiwa sahihi Lubumbashi, siku nyingi za treni kupitia Kabalo na Kamina. Hata wino wetu ulisubiri sahihi ya huko. Treni ikipiga honi, Shefu alikwenda dirishani akayatazama mabehewa kama mtu anayemwona mke wake wa zamani akipita sokoni na mume mpya. "Wale wa Lubumbashi," alikuwa akisema, na sentensi hiyo sikuwahi kusikia mwisho wake.

Sikuwa nimemaliza miezi mitatu alipoletwa Dieudonné Lwamba, kijana wa rika langu kutoka Kongolo. Yeye hakutazamwa vidole. Aliketi, akaombwa aandike neno moja, Lukuga, jina la mto wetu unaotoka Ziwa Tanganyika. Kanuni ya kazi yetu ni kwamba jina la maji hulala, maana yake herufi zinainama kulia, na jina la nchi kavu husimama. Dieudonné aliliandika Lukuga limelala vizuri, likafuata kona ya mto, bila kupiga kwanza mistari ya penseli. Shefu akavua miwani. Akafungua kabati, akatoa kijaluba chenye kitambaa cha bluu ambamo mlikuwa na kalamu zake mwenyewe za chuma, akamkabidhi mgeni yule kabla hata hajaonyeshwa mahali pa kutundika koti lake.

Nasema ilivyokuwa: nilimchukia kuanzia herufi ya kwanza. Nilitamani mkono wake uingie jipu. Naye hakunipa sababu yoyote, na hilo lilinizidishia uchungu. Alinigawia karanga zake. Aliniita ndugu. Mimi nikikwangua, aliinua karatasi kwenye mwanga na kusema, "Hii kazi yako, Gaspard, haiachi hata alama," na mimi nikasikia kejeli pasipokuwa na kejeli.

Gaspard lilikuwa jina langu la ubatizo. La nyumbani ni Mulunda.

Palikuwa pia na Feza, mpiga taipu wa biro yetu, binti wa fundi cherehani wa mjini. Nilikuwa nimeshapanga kumwambia neno, ila neno lenyewe lilikuwa bado halijakomaa mdomoni. Siku moja alileta sanduku lake jipya la bati, akamwomba Dieudonné amwandikie jina juu ya kifuniko. Dieudonné akatumia rangi nyekundu ya mlango wa stoo. Herufi nne tu, FEZA, lakini zimesimama kama watu waliovalia sikukuu. Feza alicheka, akapiga kifuniko kwa kiganja, na mimi nikaenda kusugua mahali ambapo palikuwa pameshasuguliwa.

Mwaka haujaisha, Komisere wa wilaya alitaka ramani kubwa ya wilaya nzima ya Tanganyika, mpya kabisa, kwenye kalke moja yenye upana wa meza mbili: Kalemie, Moba, Manono, Kabalo, Kongolo na Nyunzu. Alikuja mwenyewe birooni, fimbo mkononi, akatueleza.

"Itapanda treni mpaka Lubumbashi. Kule wanatafuta muchoraji mumoja kwa kila wilaya, wa kuingia biro kubwa ya mukoa. Ule ambaye jina yake iko kwenye pembe, njo wataita."

Alipotoka, Shefu hakuhitaji kusema. Alimtazama Dieudonné, Dieudonné akainama, na mimi nikaambiwa nichore mipaka: kistari na nukta, kistari na nukta, kutoka mto hadi mlima, kwa wiki tisa. Katika ramani nzima mkono wangu ulikuwa kwenye vistari hivyo tu. Majina yote aliandika yeye. Jina la wilaya alilitandaza kutoka magharibi hadi mashariki, herufi zimeachana sana, lakini jicho linaziokota moja moja bila kuchoka. Na jina la ziwa alilipinda kufuata ufuko, kuanzia upande wa Moba kupanda kaskazini, limelala, na ukilitazama unaona maji. Mimi nimezaliwa nikiliona ziwa lile kutoka juu milimani Marungu, na ninakiri kwamba yeye wa Kongolo, mtu wa mto, alilijua kuliko mimi.

Pembe ya chini kulia kuna kisanduku kidogo. Humo aliandika: imechorwa na Dieudonné Lwamba. Anayekwangua na anayevuta mipaka hawaandikwi. Ndiyo desturi, sikuonewa. Chanda chema huvikwa pete, wanasema, na mimi nilikuwa nimekaa karibu kabisa na chanda hicho nikiitazama ile pete.

Kisha ikatangazwa amri ya majina. Majina ya ubatizo yaachwe, kila raia ajiandikishe kwa majina ya mababu. Mimi nikawa Mulunda Kaite. Kumwita mtu bwana kukakoma, tukaitana sitwayeni, yaani raia. Shefu akarudi kutoka mkutanoni, shingo wazi bila tai, akanipa kazi.

"Ramani zote zenye majina ya watakatifu kwenye pembe, kwangua. Andika majina mapya. Orodha njo hii."

Nikaipitia orodha. "Na Dieudonné, Shefu? Jina lake halimo."

Dieudonné alikuwa porini upande wa Nyunzu, ametumwa pamoja na wapimaji kukagua alama za mpaka, na hakuwa amejiandikisha bado.

"Acha wazi. Akirudi, atajiandika mwenyewe."

Ndipo Shefu akashikwa na malaria, na kesho yake Komisere akaagiza ramani kubwa ipande treni ya Ijumaa. Nilibaki peke yangu kwenye chumba cha kuchorea, mchana kweupe, madirisha wazi, watu wanapita wakinisalimia. Niliitandaza ile kalke. Nikalikwangua jina lake, na amri ya kufanya hivyo ilikuwa ukutani, imepigwa muhuri. Hakuna mtu angeweza kunilaumu kwa kukwangua. Nikasugua. Pale palipobaki wazi nikaandika Mulunda Kaite. Likatoka limepinda kama mlevi. Nikalikwangua na hilo, mara ya pili, nikaandika tena polepole. Safari hii lilikaa, isipokuwa herufi ya tatu, ile L, ambayo wino wake ulinyweka kidogo na kuvimba tumbo.

Feza aliingia na barua ya kusindikiza ramani. Alipaswa kuandika jina la mchoraji. Akainama kwenye pembe, akasoma, kisha akasoma tena.

"Njo weye ulichora hii?"

"Njo mie."

Akarudi kwenye mashine yake, nikasikia anapiga taipu: herufi, herufi, herufi. Ijumaa ramani ikaondoka.

Dieudonné alirudi siku kumi baadaye, ngozi imechanika kwa miiba, sasa akiitwa Lwamba Ilunga. Tulikuwa tumetundika ukutani kopi ya ramani kubwa. Alisimama mbele yake na begi lake bado begani. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi: amri, haraka, Shefu mgonjwa, Komisere, treni. Nilikuwa nimeandaa hata hasira, akinitukana nimrudishie. Akaangalia kwenye pembe, akasogeza uso karibu.

"Herufi ya tatu imekunywa wino," akasema. "Hapo hukusugua ya kutosha. Sugua mpaka usikie jiwe linateleza."

Kisha akatundika koti lake. Hakusema kwa Shefu, hakusema kwa Komisere. Shefu alipopona akaisoma ile kopi, akanitazama juu ya miwani, akarudi kwenye meza yake. Ramani ilikuwa imeshakwenda na barua yenye sahihi ya mkubwa, na kuirudisha kungekuwa kumwambia Komisere kwamba ametia sahihi uongo. Hakuna aliyethubutu kufanya hilo. Na mimi, badala ya aibu, nikamwonea Lwamba wivu mpya: wivu wa ule utulivu wake.

Barua ya Lubumbashi ilikuja: sitwayeni Mulunda Kaite aripoti biro kubwa. Kabla ya kuondoka nilikwenda kwa fundi cherehani kumposa binti yake. Nilitegemea kukataliwa. Feza alikubali. Miaka ya baadaye nilimwuliza kwa nini mimi, na jibu lake lilikuwa fupi: "Yeye aliandika jina yangu. Weye ulikuja kwa baba." Tulipanda treni na lile sanduku la bati juu ya vichwa vyetu, jina jekundu likinitazama mpaka Kamina.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia siku ya kwanza tu Lubumbashi. Mkuu wa divisheni, mtu mnene, mpole, mwenye abakosti, lile koti la bila tai la wakati ule, lililombana, alinipa kipande cha kalke na kalamu. "Andika Shaba, nione." Nikaandika. Akaiweka karibu na ramani kubwa, akatazama huku, akatazama kule.

"Hii mikono miwili, sitwayeni, haikuzaliwa na mama mumoja."

Niliirudisha kalamu mezani.

"Unajua nini, basi?"

"Kukwangua, Mukuu."

Akacheka mpaka kifungo kikamtoka. Akaniambia sijapotea, kwa maana kulikuwa na tufani ya kukwangua inayokuja. Ni kweli ilikuja. Jimbo likaitwa région, wilaya ikaitwa sous-région, teritwari, vile vipande vya wilaya, ikaitwa zone, sekta na usultani vikaitwa collectivité. Ardhi haikusogea hata hatua moja, mipaka yangu ya vistari na nukta ilibaki ilipo, lakini kila ramani ya kusini na kaskazini ilipita chini ya wembe wangu. Nilifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja. Mahali pa mchoraji niliyepaswa kuwa aliwekwa mtu wa Kolwezi, akapewa meza ya dirishani, na mimi nikapata mwingine wa kumtazama kwa kijicho.

Ramani kubwa ya Tanganyika nayo ilifika mezani kwangu. Nililikwangua neno "wilaya" na majina yote ya teritwari aliyoyaandika Lwamba, moja baada ya jingine, na sitaficha kwamba nilikwangua kwa raha. Mahali pake nikaandika mimi, kwa mkono wangu mzito: sous-région ya Tanganyika, zone ya Moba, zone ya Manono, zone, zone. Nilipomaliza niliinua kalke kwenye mwanga kuona kama nimemfuta. Nchi kavu ilikuwa yangu yote. Ziwa lilikuwa bado lake. Ziwa halikubadilishwa jina, na bila amri sina ruhusa ya kugusa.

Nyumbani nilijaribu njia nyingine. Nilinunua rangi ya kijani, nikamwambia Feza sanduku lake limechakaa, nalipaka upya. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Gusa uone."

Rangi ile niliipaka mlango wa choo.

Nilirudishwa Kalemie Shefu wa zamani alipokwisha kustaafu. Kwenye kiti chake, na kijaluba cha bluu mbele yake, aliketi Lwamba. Mji mzima ulikuwa umejaa mkono wake: majina ubavuni mwa boti za kwenda Moba na Kigoma, kibao cha dispensari, ukuta wa shule, misalaba ya makaburini. Nilikuwa nimekwenda Lubumbashi kwa jina langu, yeye amebaki nyumbani na kuandika mji. Alisimama kunipokea.

"Meza yako iko palepale, Mulunda. Na jiwe yako niliweka."

Alikuwa amelitunza lile jiwe langu la kusugulia miaka yote ile, ndani ya droo, limefungwa kwenye kitambaa. Ningependa kusema nilishukuru. Niliwaza: hata jiwe analo la kunizidi.

Nilikuwa chini yake mpaka Zaire ilipokwisha. Nchi ikarudi kuitwa Kongo, nasi tukaambiwa tukwangue tena: région iwe jimbo, sous-région iwe wilaya, zone iwe teritwari, Shaba iwe Katanga. Tulikuwa tumeanza kuzeeka sasa, wino wa kuombaomba, mashine ya amoniaka imekufa. Macho ya Lwamba yalikuwa na ukungu, akawa ananitegemea nimwonyeshe kwa kidole neno linapoanzia. Mchana mmoja niliona nafasi ya kulisema lile jambo. Nililiandaa tangu asubuhi. Nikakohoa. Yeye akanitangulia, bila kuacha kuandika.

"Ile herufi ya tatu, ulishaitengeneza?"

"Bado," nikasema.

"Ah. Basi."

Akachovya kalamu tena. Alistaafu mvua zilipoanza, nami nikamfuata mwaka uliofuata, na miaka michache baadaye tukamzika. Familia iliniomba niandike msalaba kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Nilisugua ule ubao mpaka jiwe likateleza.

Sasa jimbo letu tumelipata. Katanga imekatwa, Tanganyika imesimama peke yake, Kalemie ni makao makuu, gavana analala hapa kama zamani zile za Shefu. Niliwaonea wivu na hao pia, wale vijana wa mabiro mapya waliopata jimbo bila kukwangua hata herufi moja. Basi siku moja mama mmoja wa ofisi ya gavana, Mama Sifa, mwerevu na mwenye haraka, akaja kwangu na bomba refu la karatasi. Mafaili ya Tanganyika yalikuwa yamerudishwa kutoka Lubumbashi, na ndani yake ramani kubwa.

"Papa Mulunda, tumeona jina yako kwenye pembe. Tutaitia kioo, tutundike pale watu wanaingilia. Jimbo inataka kuheshimu muntu aliyeichora."

Tuliitandaza juu ya kitanda, meza yetu ni ndogo. Feza alikuja na kuketi kwenye sanduku lake. Niliitazama pembe ile, Mulunda Kaite, L yenye tumbo. Nikamwambia Mama Sifa kwamba aliyeichora si mimi. Nilimweleza yote, kama nilivyoeleza hapa, kwa maneno machache zaidi. Alishika kidevu, akamtazama Feza.

"Mama, ulijua?"

"Tangu siku ile nilipiga taipu barua," akasema Feza.

"Na ukakubali akuoe?" nikamwuliza mimi.

"Nilikuwa nangojea useme. Umechelewa kidogo."

Nikaomba wembe. Wajukuu wakaleta mpya kutoka dukani. Nilijua kanuni vizuri kuliko mtu yeyote aliye hai: pembe ile ilikuwa imekwanguliwa mara mbili. Nililaza wembe, nikakwangua jina langu taratibu kadiri mkono wa uzee unavyoweza. M ikatoka, U ikatoka. Kwenye L, karatasi ikafunguka. Nikaendelea mpaka jina lote likawa tundu, na kupitia tundu hilo nikaona shuka la kitanda chetu.

"Sasa tutaandika wapi jina lake?" akauliza Mama Sifa.

Wameliandika nje ya kioo, kwenye kibao kidogo cha shaba: imechorwa na Dieudonné Lwamba. Jina la ubatizo limerudi, siku hizi linaruhusiwa. Kibao kimeandikwa na mashine, herufi nyembamba, hazina damu, zimebanana upande mmoja. Yeye asingezikubali. Nakiri kwamba hilo lilinifurahisha.

Siku ya kuitundika tulikwenda, Feza na mimi, tumevaa vizuri. Watu walisimama mbele ya ramani. Hakuna aliyelitazama tundu. Hakuna aliyezitazama zone zangu nzito, zilizoandikwa juu ya majina yake. Walilitazama ziwa, jina lililolala kutoka Moba kwenda kaskazini, na mzee mmoja mvuvi, ambaye sidhani kama anajua kusoma, alilifuata kwa kidole juu ya kioo, mwanzo hadi mwisho, akasema, "Huyu alijua maji." Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Roho ikaniuma mahali palepale pa miaka yote. Nikamwambia Feza twende nyumbani, jua ni kali.

Nyumbani, sanduku lilikuwa chini ya dirisha. FEZA, jekundu, na hata herufi moja haijachubuka.